Mtoto wa Upande wa Uani

Johari alipoambiwa kwamba mtoto wa mke mwenzake ameshikwa na polisi, jambo la kwanza lililompitia moyoni lilikuwa raha. Tusimfiche. Alikuwa barazani kwake, Ziwa la Ng'ombe, akigeuza viazi karai ndani ya mafuta, na jirani aliyemletea habari alikuwa bado anahema.

"Hussam," jirani alisema. "Yeye na mwenzake mmoja. Wamevunja kioski cha Munga fundi simu, wakachukua simu za watu."

Johari akaopoa viazi, akavichuja mafuta, akavimimina kwenye sinia, ndipo akasema, "Maskini." Neno lenyewe lilimtoka tamu. Akalisikia utamu wake, akaona haya kidogo, na hiyo haya haikukaa.

Wala msimkimbilie kumhukumu. Nyumba ile ina wake wawili wa mume mmoja. Upande wa mbele, wenye baraza, ni wa Johari, mke mkubwa. Upande wa uani ni wa Ruwaida, mke mdogo, ambaye hufua mashuka katika hoteli moja kule Nyali. Kati yao pana ua mmoja, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo, na miaka mingi ya kupimana. Ruwaida akinunuliwa leso, Johari huijua rangi yake kabla haijafuliwa. Johari akiletewa samaki mkubwa, Ruwaida huhesabu miiba.

Lakini hili la leo halikuwa la leso wala samaki. Johari naye ana mwana, Faiz, na Faiz alipokuwa mkubwa kidogo tu kuliko Hussam wa leo, alifungwa. Watu wa serikali walisema si kufungwa, ni skuli ya kurekebisha tabia, huko bara. Semeni mtakavyo. Alikwenda mtoto mcheshi, mpenda mpira, asiyenyamaza, akarudi mtu wa kuangalia mlango. Sasa ni mtu mzima, anaosha magari Chaani na kulala huko huko. Akija kumwamkia mamake hula amekaa kizingitini, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Na kwa miaka yote hiyo, kila Faiz apitapo uani kwenda bombani, Ruwaida huinua pochi yake kitandani akaitia chini ya mto. Hajawahi kusema neno. Huinua pochi tu.

"Na yeye sasa aone," Johari akajisemea, akatia viazi vingine.

*

Mwinyihaji, mume wao, alirudi magharibi kutoka Changamwe, kwenye yadi ya makontena anakofanya kazi ya ukarani wa lango. Ilikuwa Ijumaa, na zamu ilikuwa ya Johari. Alikaa mkekani, akatengewa wali, asiuguse.

"Mama Faiz," alisema, "nina ombi."

"Abee."

"Ruwaida hajitambui. Analia tangu mchana. Nikaona labda, ukiniruhusu..."

"Wataka kulala uani."

"Zamu ni yako. Ukikataa sitoki hapa."

Na kweli asingetoka. Usiku wa mke hauondolewi bila idhini yake, na Mwinyihaji ni mtu wa kulishika hilo sana, ndiyo sifa yake mtaani: mume mwenye wake wawili asiyepunja. Johari angekataa na hapana shehe ambaye angemlaumu. Alimtazama mumewe, macho yamemwiva. Akakumbuka siku aliyochukuliwa Faiz. Siku ile pia zamu ilikuwa yake, na mume huyu huyu alikula, akashukuru, akalala, akakoroma.

"Umelia?" alimwuliza.

"Lini?"

"Leo. Umemlilia Hussam?"

Mwinyihaji alijipangusa uso kwa kiganja. "Ni mtoto, Johari."

"Na Faiz alikuwa nani?"

Mwinyihaji akausogeza wali kando. Wao wawili walilijua jambo ambalo hata Ruwaida hakulijua. Faiz hakushikwa na polisi. Faiz alipelekwa. Aliiuza pampu ya maji ya babake, na babake akamshika mkono mpaka kituoni, akawaambia askari, "Mlazeni siku moja tu, apate adabu." Wazazi wengi walifanya hivyo wakati ule. Mtoto akishakuwa sugu, fimbo imeshindwa na maalimu ameshindwa, hutishwa kwa selo, kisha huenda kuchukuliwa kesho yake akiwa amenyooka. Mwinyihaji alipokwenda kesho yake akaambiwa faili imeshafunguliwa na kesi si yake tena, ni ya serikali. Alisimama pale kaunta akisema amesamehe, na askari wakamcheka. Faiz akalazwa na watu wazima, akapelekwa mahakamani, akapelekwa bara. Mtaani ikasemwa ameshikwa. Johari ndiye aliyesema hivyo, kumsitiri mumewe, maana baba aliyemfunga mwanawe kwa mkono wake ni aibu ya nyumba nzima.

"Nenda," Johari alisema. "Zamu yangu nimempa. Mwambie kwamba nimempa."

Alitaka Ruwaida ajue. Lakini ukuta wa katikati ni mwembamba, na haukupita muda akaisikia sauti ya mumewe upande wa pili, ya chini, ya kubembeleza, sauti ambayo yeye hakubembelezwa nayo hata siku moja kwa ajili ya Faiz. Ile raha ya mchana ikamwisha yote. Kilichobaki ni wivu mtupu.

*

Jumapili akaja afisa wa watoto, Linda Jefwa, binti wa Kigiriama wa Kilifi, amevaa viatu vya raba na mkoba mgongoni. Alipiga hodi, akavua viatu, akakaa mkekani bila kungoja kiti, na Johari akampenda kwa hilo kabla hajakumbuka kwamba hakutaka kumpenda.

"Nimekuja kuiona nyumba," Linda alisema. "Kesho tuna kikao cha Hussam; mwenzake ana chake. Zamani mtoto kama huyu angekwenda kortini moja kwa moja. Sasa sheria mpya ya watoto inatupa njia nyingine. Hussam amekubali kosa, ni mara yake ya kwanza, na Munga amesema atasikiliza. Tukielewana kesho, hatashtakiwa. Ataomba radhi, atafanya kazi ya kufidia, atarudi skuli, na mtu mzima wa nyumba hii atamsimamia na kuniletea habari zake."

"Kwa sasa yuko wapi?" Johari aliuliza.

"Kituoni, mama. Chumba cha watoto. Hakai na watu wazima, hairuhusiwi."

"Hairuhusiwi," Johari alirudia, polepole.

Linda akamgeukia Ruwaida, aliyekuwa amejikunja pembeni, macho yamevimba. "Mama Hussam, kazini unatoka saa ngapi?"

"Nikifika hapa magharibi imeshaingia."

"Mzee je?"

"Mimi nikirudi na hiyo magharibi, nimeshukuru," Mwinyihaji alisema.

"Basi hapo ndipo penye kazi. Nataka mtu ambaye mtoto akitoka skuli amkute. Mwendesha mashtaka ataniuliza hilo kabla ya jingine lolote. Nisipokuwa na jina la mtu, faili itakwenda kortini, na huko mimi sina kauli."

Mwinyihaji akautazama mkeka. Ruwaida akautazama mkeka. Kisha wote wawili, mmoja baada ya mwingine, wakamtazama mwanamke ambaye kila alasiri yuko barazani na karai lake, haendi popote.

Johari aliwaacha wamtazame. Alikuwa na haki ya kutazamwa.

"Sheria yenu hii, mwanangu," alimwambia Linda, "yarudi nyuma?"

"Vipi, mama?"

"Aliyefungwa kabla haijaja. Kuna chochote yamrudishia?"

Linda alimtazama usoni. Angeweza kuyapamba maneno, wengi wa kazi yake hufanya hivyo. "Hapana, mama. Hairudi nyuma."

"Nashukuru kwa kunambia kweli. Kesho nitakuja, inshallah. Nitakalosema nitalijua nikifika."

*

Alasiri ile ile Ruwaida alikuja barazani. Tangu aolewe hakuwahi kukanyaga pale wakati wa kuuza. Chakula cha karai la Johari alikuwa akikiita cha wapita njia. Alisimama nyuma ya wanunuzi, buibui limemkaa upande. Johari alimwona, akawahudumia waliokuwa mbele, kisha akawahudumia waliokuja baadaye. Mtoto akitaka ukwaju zaidi alimtilia. Ruwaida akangoja.

"Wataka viazi?" Johari alimwuliza mwishowe.

"Sitaki viazi, dada."

"Dada," Johari alisema, na mnunuzi aliyebakia, mama mmoja wa nyumba ya tatu, akapunguza kutafuna ili asikie vizuri.

"Najua hunipendi," Ruwaida alisema.

"Ulidhani nakupenda?"

"Sikudhani. Lakini mtoto hana kosa kwako. Hussam si mwizi, dada. Ni marafiki tu wamempoteza."

"Hussam ni mwizi." Johari hakupandisha sauti. Alisema kama anayetaja bei ya viazi. "Amevunja kufuli ya mtu. Wangu alichukua kitu cha babake, ndani ya nyumba yao, na jina la mwizi kaitwa mpaka leo. Wako kavunja kufuli ya mtu baki. Nataka nikusikie ukisema."

Ruwaida alimtazama yule mama wa nyumba ya tatu. Yule mama naye hakuwa na adabu hata ya kujifanya anatazama njia.

"Hussam ameiba," Ruwaida alisema.

"Na ile pochi yako. Kila Faiz apitapo. Ulidhani sioni?"

Ruwaida akainamisha kichwa. Machozi yalidondoka juu ya ubao wa baraza, na mkono wake ukayafuta haraka kama mtu aliyemwaga chai nyumbani kwa watu. "Nisamehe," alisema. "Wallahi nisamehe."

Johari alilingoja neno hilo kwa miaka mingi. Alilipanga kichwani jinsi atakavyolipokea, na uso atakaouweka. Alidhani akilipata litamshibisha. Halikumshibisha. Mwenzake bado alikuwa na mtoto wa kuokolewa, na yeye hakuwa naye.

"Rudi ndani," alimwambia. "Watu wanakutazama."

*

Kikao kilikaliwa Jumatatu asubuhi, katika chumba cha ofisi ya watoto chenye viti vya plastiki na feni isiyozunguka. Munga alikuwa ameshafika, ametia bisibisi mfukoni mwa shati, hana raha ya kufunga kioski siku ya kazi. Kisha Hussam akaingizwa. Alikuwa amenawa uso. Johari alimtafuta alama mwilini, jicho lililovimba, mdomo uliopasuka, kidole kilichofungwa kitambaa. Hakuiona. Aibu kubwa kuisema, lakini moyo ulimwuma kwa kutoiona.

Hussam akaamkia watu wote, shikamoo hii na hii, akasimama mbele ya Munga. Alilisema kosa lake lote, akaomba radhi, akashindwa kumaliza kwa kulia. Munga alikuwa amejiandaa kugomba. Alikuna kidevu.

"Simu zimerudi," alisema. "Moja ndiyo imepasuka kioo. Mimi nataka hivi: aje kwangu kila Jumamosi, afagie, anisaidie kazi, mpaka niseme basi. Na mwenye simu ya kioo akija kunifokea, huyu ndiye atakayetoka mbele amwambie, 'Ni mimi niliyeiba.' Mimi nimechoka kufokewa."

"Utaweza, Hussam?" Linda aliuliza.

"Nitaweza."

"Limebaki la msimamizi." Linda akafungua kalamu. "Bi Johari?"

Hussam alikuwa amerudi kusimama kati ya wazazi wake. Ruwaida alikuwa amemshika ukosi wa shati kwa nyuma.

"Kikao hiki," Johari alisema, "si cha kuombana radhi?"

"Ndicho, mama."

"Basi kuna mtu humu bado hajaomba. Mwinyihaji, mwambie mkeo Faiz alifikaje polisi."

"Johari." Mwinyihaji aliinuka kidogo, akakaa tena. "Hapa si mahali pake."

"Pengine wapi? Nimengoja kwingine kote, sijapaona."

"Mama," Linda alisema kwa upole, "leo kikao ni cha Hussam."

"Najua ni cha Hussam. Chumba cha watoto ni cha Hussam. Sheria ni ya Hussam. Babake kumlilia mpaka akaniomba zamu yangu, ni kwa Hussam. Nimewapa vyote. Niko hapa niwape na macho yangu ya kumchunga. Na mimi nipeni kitu. Nataka aseme tu."

Munga alitazama viatu vyake. Linda aliweka kalamu chini. Nje mtu alikuwa akiwasha pikipiki isiyotaka kuwaka, na Mwinyihaji akangoja mpaka iwake, labda akitumaini kwamba ikishawaka atakuwa amesahauliwa.

"Nilimpeleka mwenyewe," alisema. "Faiz. Hakushikwa. Nilimpeleka kwa mkono wangu, nikasema alazwe siku moja. Kisha wakanikatalia kumrudisha." Akageuza uso upande wa Johari. "Mama Faiz akaninyamazia mpaka leo."

Ruwaida alimgeukia mumewe polepole. Ule mkono uliokuwa kwenye ukosi wa Hussam ulimvuta mtoto, ukamtoa karibu na babake, ukamleta upande wake wa pili. Johari aliliona hilo, na la ajabu, hata hilo alimwonea wivu. Asubuhi ile Faiz alipokuwa akishikwa mkono, yeye alikuwa jikoni anakanda unga wa mahamri. Aliwasikia wakitoka. Hakumvuta wake.

"Nisamehe, Johari," Mwinyihaji alisema.

"Mimi si wa kuombwa. Mwenyewe yuko Chaani."

Kisha akainuka, akaivuta ile karatasi ya Linda, akauliza aweke wapi sahihi.

*

Mwinyihaji alikwenda Chaani siku ya pili yake, baada ya kazi. Yeye mwenyewe alimhadithia Johari, naye hakupunguza wala kuongeza. Alimkuta Faiz na mpira wa maji mkononi, akamwomba radhi pale pale, wenye magari wakisikia. Faiz alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia, baba." Akageuka kwenye gari lililofuata.

"Hakusema amekusamehe?" Johari aliuliza.

"Alisema amesikia."

Wakaachia hapo. Hussam akawa anatoka skuli anakuja barazani, anaweka mkoba, anavuta kigoda, anamenya viazi vilivyochemshwa. Alikuwa mtoto wa adabu, na hilo lilizidi kumwudhi Johari. Alimwita mama mkubwa. Alicheka upesi, alikula upesi, na mara nyingine alijisahau akapiga mluzi. Johari alikuwa akimtazama na kusema moyoni: huyu amerudi mzima. Alimwandikia Linda ujumbe kwamba mtoto hana neno. Ilikuwa kweli, na kila alipoiandika kweli hiyo vidole vilikuwa vizito.

Alhamisi moja Faiz akaja. Johari alimwona kutoka mbali, mrefu, mikono ndani ya mifuko, akatamani Hussam awe ameingia ndani. Hakuwa ameingia. Alikuwa na kisu na kiazi mkononi, akainuka kwa haraka.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Faiz hakukaa. Alisimama mbele yake, akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka miguuni. Johari akayaacha mafuta yakatoa moshi.

"Walikulaza wapi?" Faiz aliuliza.

"Chumba cha watoto."

"Na nani?"

"Na yule mwenzangu. Sisi wawili tu."

"Hakuna mtu mzima aliyeingia?"

"Alikuja askari mmoja mwanamke. Alituletea blanketi na chai."

"Alikupiga?"

"Hapana, kaka."

"Mwingine? Yeyote? Sema kweli."

"Wallahi sikuguswa." Hussam alimwangalia Johari, hajui kama amejibu vibaya. "Alisema nikiogopa nimwite."

Faiz alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali hesabu aliyoikataa muda mrefu. Alikaa barazani. Mdomo ulimcheza, akaufunika kwa mkono mpana uliochujuka kwa sabuni ya magari, na Johari akaona mabega ya mwanawe yakitetemeka. Hakuwa amemwona akilia tangu arudi bara. Aliacha karai, akaenda akamkalia karibu, asijue amguse wapi.

"Mama," Faiz alisema. "Kumbe ilikuwa yawezekana."

Johari akamwekea mkono mgongoni. Hussam, asiyeelewa lililosemwa, aliketi kigodani, akachukua kiazi kingine, akamenya.